Diski Chini ya Fromaji

Majina mimi sisahau. Ng'ombe zote tulizokama kule mulimani juu ya kijiji cha Kingi, ninaweza kukutajia kila moja pamoja na mama yake. Watu pia, wazima na waliokufa. Lakini hapa sitaandika jina hata moja, kwani wengine wangefurahi na wengine wangekasirika, na wale waliolala udongoni siwezi kuwauliza. Kilichoanza kuniponyoka mwaka huu si jina. Ni wimbo, ule wa bwana yangu.

Yeye alikuwa dereva wa kamyo ya muzee mumoja mufanyabiashara, muntu wa Butembo. Sisi wanawake kazi yetu ilikuwa kwenye nyumba ya fromaji, ile jibini yetu: tunagandisha maziwa, tunaikamua maji, tunaibana kati ya mbao na mawe mazito juu, tunageuza, tunapakaa maji ya chumvi. Yeye anapeleka fromaji Goma. Waume wa wengine walirudi na vitenge. Wangu alirudi na diski za muziki, moja moja, ameifunga ndani ya koti lake kama mutoto muchanga. Mama yangu mara ya kwanza aliigeuza pande zote mbili, akauliza:

"Na hii sahani nyeusi, tutakula nini ndani?"

"Mama, hii inalisha masikio."

"Masikio yangu imeshiba. Leta chumvi."

Nyumbani kwa bwana yangu, mikono ya kushika diski ilioshwa kama mikono ya kukama. Hakuna kubishana. Hata padri alipopita kututembelea, alioneshwa kwanza beseni na sabuni.

Turnediski, ile mashine ya kuimbisha diski, aliiweka inje, kwenye ukuta wa mbao wa nyumba ya fromaji, kwani alijua sitatoka. Mangaribi njo wakati wa kugeuza fromaji, na muntu ambaye mikono yake iko ndani ya maji ya chumvi hawezi kushika kitu kingine. Kwa hiyo nyimbo zote nilizisikia kupitia ukuta. Ule niliopenda kushinda zote ulikuwa wa Kilingala, na Kilingala changu ni cha sokoni tu. Wanaume wawili wanaimba polepole kama wanabembeleza mutoto, kisha wananyamaza, gitaa inabaki peke yake, na mumoja anaita: "Yaka, mama, yaka!" Ni kusema, njoo. Kisha wanaendelea. Mimi nilikuwaka nangojea pale tu, pa kuitwa.

Tulipokimbia vita, nilisukuma diski zote chini ya fromaji kwenye rafu. Niliwaza kwamba muntu mwenye njaa atabeba fromaji na kuacha zile. Tuliporudi hakukuwa fromaji, hakukuwa turnediski, hakukuwa diski. Moja tu ilikuwa imeanguka nyuma ya rafu na kubaki imeegemea bati iliyoanguka toka juu. Jua ilikuwa imeikunja kama jani la kabichi, na karatasi ya katikati imeoza, hakuna herufi iliyobaki. Lakini kile kipande kilichovunjika pembeni tangu zamani nilikijua. Ilikuwa ile ya wimbo ule. Bwana yangu hakuiona. Ugonjwa ulimukuta kule tulikokimbilia, na njo kule tulimuzika.

Niliiweka ndani ya sanduku la nguo na kuendelea kuishi. Nilikuwa nao wimbo kichwani, basi. Lakini mwaka huu, asubuhi moja nikichambua maharagi, niliuanza na haukufika. Mwanzo ulikuja, katikati hakuna. Nikarudi mwanzo. Hakuna. Mujukuu wangu alileta simu, akaniambia niimbe ndani yake, itautafuta. Niliimba nusu niliyokuwa nayo.

"Koko, inasema haijui."

"Itaujua wapi? Haikuwako Kingi."

Nilicheka, lakini nilikuwa na woga. Jina la wimbo sikulijua kamwe. Kama diski ile haiimbi, hakuna mahali pengine pa kuuliza.

Basi nilifanya kazi ninayojua. Nilipasha mbao mbili juani, nikaifunga diski ndani ya kitambaa safi, nikaibana katikati, mawe juu. Nikawa ninaigeuza asubuhi na mangaribi. Ikaanza kulala chini, kidogo kidogo. Siku niliyoitoa ilikuwa imenyooka, na kwa furaha mikono yangu ikaendelea yenyewe: nikachota maji ya chumvi na kuipakaa vizuri, mbele na nyuma. Wifi yangu, dada ya bwana yangu, aliingia akanikuta.

"Wifi! Hiyo utaikata lini? Niweke viazi motoni?"

Nilipoangalia, chumvi ilikuwa imekauka nyeupe ndani ya mistari yote. Nilikaa chini. Yeye aliacha kucheka, akaenda kuleta maji ya mvua, na tukaiosha pamoja.

Yule muzee wa Butembo bado iko na duka Masisi, na nyuma ya magunia yake iko turnediski. Tulipanda pikipiki, wifi mbele, mimi nyuma, diski kati ya mugongo wake na tumbo langu. Muzee aliitazama muda murefu.

"Mama, sindano niko nayo moja tu. Hii yako ikiivunja, hata mimi nitakufa bila muziki."

"Papa, nimekuja kukuomba hivyo hivyo."

Akaenda kuosha mikono. Pale nilijua kwamba amekubali, na kwamba anamukumbuka dereva wake.

Chumvi ingine ilikuwa imebaki: ilisikika kama mvua juu ya bati. Sauti zilipanda na kushuka kama kamyo kwenye njia ya Rubaya. Lakini wale wawili walikuja, wakaimba, na katikati iliyonipotea ikarudi yote. Kisha wakanyamaza, gitaa ikabaki peke yake. Nikangojea pa kuitwa. Gitaa ikaendelea. Waimbaji wakarudi. Hakuna aliyeita.

"Imekatwa," nilisema. "Iko kipande kinakosa. Yule mwenye kuita hayuko."

Wifi aliniangalia kama muntu anayeangalia mutoto.

"Mama wee. Miaka yote hii? Yule alikuwa kaka yangu. Alikuwa anaweka mudomo kwenye ukuta na kukuita, sisi tunacheka hapo inje. Wewe ulikuwa hutoki."

Muzee alipangusa sindano kwa kidole, akairudisha mwanzo bila kuulizwa. Tulisikiliza wote watatu. Waimbaji waliponyamaza, wifi aliegemea kwangu, na kwa sauti ya familia yao, ile nzito, akaita:

"Yaka, mama, yaka!"

"Ninakuja," nilijibu. "Ngoja nitoe chumvi mikononi."