Nilivyomchagulia mpwa wangu wembe wa kukunja hapa London, ukoo ukaniitia kikao

Wakuu, habari za weekend.

Hiki ninachoandika hakina chumvi. Chumvi yote ilishatiwa na dada yangu kwenye group la familia, mimi nimebakiwa na ukweli mtupu.

Kwanza mnijue. Naitwa Elinipa, nina miaka hamsini na kidogo, naishi Lewisham na mke wangu, Mama Tumaini, na nafanya kazi stoo ya hospitali. Mimi ni mtu wa kujisomea. Mashine yetu ya kufulia niliifungua na kuifunga mwenyewe kwa kusoma manual. Skrubu mbili zilibaki, lakini inafua.

Tunaishi na mpwa wangu Joshua, miaka kumi na tisa, yuko chuo hapa hapa. Mama yake ni dada yangu Neema wa Dodoma, na Joshua ndiye mwanawe wa pekee.

Sasa, Joshua alianza kuota ndevu.

Ndevu zetu zinajikunja. Ukinyoa na hizi za kutupa zenye blade nyingi, unywele unakatwa chini mno, unaota kuingia ndani ya ngozi. Shingo ya kijana ikawa kama gunzi la mahindi. Akasoma mahali kwamba wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, una blade moja tu na unaweza kumpunguzia vipele.

Akaja kuniomba ushauri.

Nikasoma kila nilichokipata: upana, unene, aina za ncha. Nikawa namweleza wakati wa chakula, mpaka mke wangu akasema, "Baba Tumaini, mtoto anataka kunyoa, hataki digrii."

Jumamosi tukapanda treni hadi Rayners Lane. Karibu na station kuna duka la vifaa vya vinyozi, la mzee mmoja Mhindi mzaliwa wa Tanga. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Akaangalia ID ya Joshua kuhakikisha umri, kisha akaweka nyembe mbili mezani.

Wa kwanza mwembamba, ncha ya mviringo, mpini wa plastiki nyeusi. Wa pili mpana, ncha ya mraba yenye kona kali, mpini wa pembe. Zote zimeshanolewa tayari kwa kunyolea.

Mkono wa Joshua ulienda kwenye ule wa kwanza.

Nikamwambia hapana. Blade pana inabeba povu zaidi, na kona ya mraba inafika vizuri chini ya pua. Nilikuwa nimesoma.

Mzee akaniuliza, "Bwana, anayenyoa ni nani?"

"Kijana."

"Sasa mbona unajibu wewe?"

Nikacheka kwa adabu, nikalipia ule mpana, pamoja na mkanda wa ngozi na kipande cha shabu cha kukausha damu.

(Kwa vijana mlioko huku: kitu chenye makali hakiwekwi mfukoni. Sisi tulikiacha kwenye boksi lake, risiti juu, chini kabisa ya begi, moja kwa moja hadi nyumbani. Sheria ya hapa haina utani.)

Mkanda ule ni wa kunyooshea makali. Unautundika, unapitisha wembe juu yake kwenda na kurudi. Mimi niliutundika nyuma ya mlango wa bafu.

Jioni ile ile Joshua akavua shati, akapaka povu, akaanza. Kona ya mraba ikamgusa chini ya sikio. Ikamgusa tena chini ya taya. Halafu ikamchora mstari mwekundu mrefu shingoni.

Nikahitimisha kwamba makali yamelala. Nikakunja mikono ya shati, nikachukua wembe na kuanza kuupitisha kwenye mkanda: pa! pa! pa! Joshua yeye akawa anajipaka shabu kwenye michubuko. Aliyewahi kupaka shabu kwenye jeraha bichi anajua.

"Mjomba, inauma! Basi mjomba, inatosha!"

Wakati huo huo dada Neema alikuwa amepiga video call kwa mke wangu, sebuleni. Namsikia Mama Tumaini anasema, "Wako bafuni, wifi. Ngoja nikupelekee."

Mlango ukafunguka.

Dada yangu alichokiona ni mwanawe kifua wazi, machozi yanamtoka, shingo ina mistari myekundu, na mimi nimekunja mikono, nahema, pembeni ya mkanda wa ngozi.

"Elinipa!"

Nikageuka kumweleza. Bahati mbaya niligeuka na wembe mkononi, umefunguliwa.

"Ana kisu!"

Simu ikakatika.

Nilipomaliza kufuta povu, group lilikuwa linawaka moto. Binamu yetu wa Manchester alishaandaa chumba. Dada akaandika: "Kesho kikao. Mwanangu anahama."

Wakuu, sikulala vizuri. Kijana angeacha chuo katikati ya mwaka. Na mimi nikishaitwa mjomba mkatili kwenye ule ukoo, nazikwa na hilo jina.

Jumapili baada ya ibada tukakutana kwa video. Kaka yetu mkubwa, Zebedayo, akafungua kwa sala, akanipa nafasi. Nilikuwa nimejipanga.

"Ndugu zangu, ili tuuelewe mkanda, lazima kwanza tukielewe chuma."

"Elinipa, fupisha."

"Mkanda ni wa kunolea wembe."

Dada akadakia, "Tangu lini wembe ukanolewa? Wembe ukiisha makali unatupwa!"

Kwetu wembe ni kile kiblade cha kwenye karatasi, cha kukatia kucha na kufumulia nguo. Ningeanza wapi?

Ndipo mama yetu, kutoka kule Same, akasema, "Nyamazeni. Joshua, mjomba wako anakupiga?"

"Hapana, bibi."

"Hizo alama?"

Joshua akashusha pumzi. "Bibi, mimi nilichagua ule mdogo. Mjomba akakataa."



Wa kwanza kucheka alikuwa Zebedayo. "Hata baiskeli yangu ya kwanza alinichagulia yeye! Nilikuwa sifikii pedeli!"

Dada: "Na huyo Joshua nusura aitwe Nebukadneza! Alikuwa amesoma!"

Kila mtu akawa na kesi yake. Hata binamu wa Manchester.

Mama akatoa hukumu. "Mtoto anabaki. Akanunuliwe aliouchagua. Na huo mpana, Elinipa, utanyolea wewe."

Tuliporudi dukani, mzee wa Tanga hakuuliza kitu. Alitoa ule mwembamba chini ya meza, ulikuwa umeshafungwa.

Nilichojifunza: kwa anayeanza, chukua ncha ya mviringo, upana wa wastani, uwe umeshanolewa. Na achague mwenye shingo yake. Joshua sasa ananyoa taratibu, na vipele vimepungua sana.

Mimi bado naendelea na hukumu yangu. Wenye uzoefu na ncha ya mraba, tafadhali mwageni mbinu hapa, na msichelewe. Juzi tulikuwa na wageni wa kanisani. Mmoja alitoka bafuni, akamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini ule mkanda mlangoni ni wa nini.

"Ni wa Baba Tumaini," akajibu, akaendelea kumimina chai.

Yule mama akaiangalia shingo yangu yenye mistari myekundu. Wakati wa kuaga akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, kaka," akasema. "Jitahidi tu usiwe unamjibu."