Asili Upande wa Mama

Nilipokuwa mtoto, neno asili lilinitisha kuliko fisi. Shuleni Sombetini mwalimu alitufundisha kwamba asili ya mtu ni kule walikotoka wazazi wake, tukaandika, yakaisha. Sokoni kuku akiitwa wa asili bei inapanda, na mama anaanza kuvutana na muuzaji. Lakini kwa Koko, bibi mzaa baba, huko juu magharibi ya Mlima Meru, neno hilo lilitamkwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza.

Wenye ugonjwa huo, kwa maneno ya Koko, ni watu wa ukoo wa wahunzi. Ng'ambo ya korongo aliishi mmoja, mzee wa peke yake aliyehamia kutoka Terrat, akifua visu na kengele za ng'ombe. Watu walinunua visu vyake, ila walijipaka mafuta ya kondoo mikononi kabla ya kuvishika. Hakuna aliyempa mkono, na hakuna ambaye angeoa kwao. Kila likizo Koko alituonya: mhunzi akikugusa, damu yako inachafuka na lazima uugue. Koko alikuwa Mlutheri wa kupigiwa mfano, na bado aliliamini hilo bila shida yoyote. Nami niliamini. Nyundo ikilia kule chini, niliziba masikio.

Alasiri moja mbuzi wetu alipotea. Nikamfuata korongoni, ukungu ukashuka, njia ikanipotea. Nilipoisikia nyundo ilikuwa karibu mno. Kisha ikanyamaza. Mzee akatokeza kwenye ukungu, mrefu, mikono myeusi hadi viwikoni, akasimama mbele yangu.

Hapo nikafanya kile ambacho mtoto yeyote wa kwetu hukifanya mbele ya mzee, bila kufikiri. Nikasema shikamoo, nikamwinamishia kichwa anishike.

Hakunishika mara moja. Nadhani hakuna mtoto aliyewahi kumpa kichwa. Kisha kiganja kikatua utosini, kizito, cha moto, akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamtaja baba. Akauliza mama yangu ni nani na asili yake ni wapi. Nikamtaja mama, nikasema ni wa Daraja Mbili, maana ndivyo tulivyoambiwa siku zote. Mkono ukaondoka kichwani haraka.

"Nenda nyumbani," akasema, akinionyesha njia. "Usimwambie mtu kwamba nimekuuliza."

Alikuwa akiogopa. Mtu mzima, tena yeye, alikuwa akiogopa, na hilo lilinitisha kuliko mkono wake.

Kesho yake nikashikwa na homa. Kichwa kiliniuma pale pale aliponigusa. Leo ningesema ni baridi ya korongoni. Siku ile nilijua nakufa. Mama akaitwa kutoka mjini. Koko alipotoka kuchemsha dawa, nikamnong'oneza mama kwamba mhunzi amenigusa. Nilitegemea aangue kilio. Yeye alifunga mlango kwanza, akaniinamia sikioni.

"Yule ni kaka yangu. Koko akijua, mimi nitafukuzwa hapa, na wewe utabaki."

Akanieleza kwa ufupi. Alilelewa Daraja Mbili kwa shangazi yake, na siku ya kuposwa alitaja hapo tu, hakwenda mbali zaidi. Kaka yake alihamia ng'ambo ya korongo ili amwone hata kwa mbali kila akija ukweni, na hakuwahi kukanyaga kwetu. Kwa hiyo ugonjwa niliokuwa nikiukimbia ulikuwa wangu tangu kuzaliwa.

Koko aliporudi na dawa aliniuliza kama kuna mtu aliyenigusa. Nikasema hapana. Homa iliisha baada ya siku chache, lakini woga ulihamia kwingine. Miaka mingi, kila Koko alipomwita mama kwa ukali, nilikimbilia mlangoni kusikiliza. Mjomba alipofariki mama hakwenda kuzika. Alishinda akimenya ndizi, akisema moshi unamsumbua macho.

Mwezi uliopita wazee walikuja kwangu kumposa binti yangu. Baada ya chai, mmoja wao akaniuliza kwa upole, "Mama, asili yenu hasa ni wapi?" Nikataja upande wa baba, wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Wakauliza upande wa mama. Nikachukua birika niwaongeze chai.

Mama, ambaye siku hizi huongea kidogo, akajibu mwenyewe kutoka kwenye kiti chake.

"Sisi ni wahunzi. Yule wa ng'ambo ya korongo alikuwa kaka yangu."

Wazee wakaaga kwa adabu. Hadi leo hawajapiga simu, na binti yangu anashinda na simu mkononi. Naogopa, sitaki kudanganya, naogopa kwa ajili yake kuliko nilivyoogopa siku ile ya ukungu. Lakini jana mama aliniomba nimpeleke kwenye kaburi la kaka yake, Jumapili, watu wakitoka kanisani, ili wamwone.