Dume la Mkekani

Kaka yangu anauza vipuri vya injini za boti pale Igogo, na kwa miaka mingi tulimjua kuwa mtu mwenye akili timamu. Kisha mzee mmoja wa Kihindi, mfanyabiashara wa siku nyingi mjini, akafunga duka lake na kumwachia panya wa mti, mdogo kuliko kiberiti, aliyechongwa Japani. Tangu hapo tumekoma.

Vinyago hivyo vinaitwa netsuke. Tunajua kwa sababu kila aliyekwenda kwake kula pilau alilishwa somo kwanza: kwamba mavazi ya Wajapani wa zamani hayakuwa na mifuko, hivyo kifuko cha tumbaku walikining'iniza kwenye mshipi, na kinyago kikazuia kamba isichomoke. Ndiyo maana kila kimoja kina vitundu viwili. Kaka alinunua vingine kwa simu, akavifungia kwenye kabati la kioo, na ukitaka kugusa unavaa glavu za hospitali. Mimi, dada yake wa tumbo moja, nimevaa glavu ili nishike konokono. Wifi yangu alihamishia vyombo vyake vya wageni chini ya kitanda.

Kipenzi chake kilikuwa ng'ombe dume aliyelala, kichwa kakigeuzia ubavuni. Huyo hakukaa kabatini. Alitembea naye mfukoni, akimpapasa hata kanisani, na sijapata kumwona akimpapasa hivyo mtoto wake yeyote.

Mwanawe mkubwa alipopata mchumba, tukaenda Bujora kwa wazazi wa binti kuzungumza mahari. Kule baba wa kijana anakaa kimya, mshenga ndiye anayesema. Kila ng'ombe akikubaliwa, kijiti kinalazwa mkekani, na kilichowekwa mkekani hakirudi mfukoni. Mambo yalikwenda vizuri hadi tukakwama kwenye dume la kumpa bibi wa binti. Wao wanalitaka, mshenga wetu analia hali ngumu, watu wakaanza kununa.

Kaka akaona hapo ndipo pa kuonyesha ustaarabu wake. Bila kuombwa akatoa ng'ombe wake, akaanza lile somo la mifuko, na ili wote waone vizuri akamweka mkekani, katikati ya vijiti. Nilimkanyaga mguu, lakini nilikuwa nimechelewa. Bibi akanyoosha mkono, akamwokota, akamgeuza huku na huku bila glavu.

"Dume langu nimelipokea," akasema.

Vigelegele vikapigwa. Mshenga wetu alipiga makofi kuliko wote, maana tulikuwa tumeokoa dume zima. Kaka akafungua mdomo. Kusema kile kinyago si cha mahari kungekuwa kumpokonya bibi kitu mkononi mbele ya ukoo wake, na harusi ingeishia pale pale. Mwanawe alikuwa anamwangalia kwa macho ya kuomba. Akaufunga mdomo. Mimi nilifurahi sana, sifichi.

Wiki iliyofuata akanichukua tukarudi Bujora, safari hii na dume la kweli nyuma ya pikapu, alilolinunua upande wa Kisesa ili akomboe lile la mti. Njia nzima alikuwa akijifunza maneno ya kumwambia bibi kwa heshima. Tulimkuta uani anachambua maharage. Akapokea shikamoo zetu, akamsikiliza kaka mpaka mwisho, kisha akasimama atuonyeshe kiunoni. Kamba ya kikopo chake cha ugoro ilipita kwenye vile vitundu viwili, na ng'ombe alikuwa amekaa juu ya pindo la kanga, akizuia kamba isichomoke.

"Ng'ombe ninao, baba," akamwambia kaka. "Nilichokuwa sina ni cha kushikia ugoro wangu."

Somo lilikuwa la kaka mwenyewe. Tukarudi mjini na dume letu limesimama nyuma, likichafua pikapu njia nzima. Kaka aliendesha kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa mfukoni, unapapasa kitambaa.