Mraba Mweupe wa Mjomba

Shule niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na mwandiko ndio ulionipatia kazi kwa Daktari. Alikuwa mama wa makamo, mtafiti wa magonjwa ya macho ya kurithi, na kila mwezi alitoka Korogwe na Landrova kuja kijijini kwetu, upande wa Handeni. Miaka mingi alikuwa akifuata ugonjwa mmoja tu: mtoto wa kiume anazaliwa anaona vizuri, akifika ujana giza likiingia haoni kitu, na akizeeka hata mchana unamfungia. Mimi nilipita nyumba kwa nyumba na daftari, naandika nani kamzaa nani. Mwanamume mraba, mwanamke duara. Mgonjwa unampaka wino, mzima unamwacha mweupe.

Niliipenda kazi ile, jamani! Tukiwa tunapalilia shamba la kijiji nilijiona nimeshavaa koti jeupe, nachungulia ndani ya jicho la mtu kwa kile kitochi cha Daktari, mpaka wenzangu wananiacha nyuma mstari mzima.

Ila ukurasa mmoja nilidanganya. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na ugonjwa huo, nami nikamwacha mweupe. Mama ndiye aliyeniambia nifanye hivyo.

"Watu wa Mazinde wakisikia, nani atakuoa?"

Mchumba wangu alikuwa wa Mazinde, mkata mkonge. Na Daktari alikuwa ameshatueleza kwamba ugonjwa huu hupita kwa wanawake, wao wakiwa wazima, ukawakuta watoto wao wa kiume. Mama alizaa mabinti watupu, kwa hiyo siri yote ilikaa kwa mjomba. Siku ya Landrova alikwenda porini kukata fito, harudi mpaka gari liondoke.

"Ukoo wenu unanichanganya," Daktari aliniambia siku moja. "Bibi yako mzaa mama na bibi wa nyumba ile ni mtu na dada yake. Kule wagonjwa watatu, huku hata mmoja?"

"Mungu katunusuru, Daktari."

Usiku ule na nyingine nyingi nililala nahisi lile daftari limenikalia kifuani.

Kule tulikokaa kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, kila mtu alikuwa na nyumba yake kando ya shamba lake, na mjomba alijua njia kwa nyayo: hapa jiwe, hapa mzizi. Hakuna aliyemshtukia. Kijiji hiki kipya kilipimwa kwa kamba. Nyumba mstari mmoja, milango inatazama upande mmoja, zote zimefanana kama mapacha. Mjomba alikuwa anazihesabu kwa fimbo ukutani. Jioni moja akakosea hesabu, akaingia nyumba ya jirani, akakaa kitandani akaanza kuvua makubazi. Mke wa jirani alikuwa pale pale. Kelele zake zilisikika mpaka kisimani.

Asubuhi tukaitwa barazani. Mwenyekiti akamuuliza mjomba alifuata nini.

"Mzee, nimezeeka," mjomba akasema, "moyo ndio haujapata habari."

Watu wakaangua kicheko. Jirani hakucheka. Alitaka mjomba apelekwe polisi Handeni mjini, na akirudi afukuzwe kijijini. Nikajipenyeza mpaka ubavuni kwa mjomba.

"Waambie ukweli."

"Nyamaza, mpwa wangu," akaninong'oneza. "Mjomba mhuni hamzuii mtu kuolewa. Mjomba kipofu je?"

Nilishikwa pande zote. Nikisema, nimejifunga mimi. Nikinyamaza, anafungwa yeye, tena kwa ajili yangu. Miguu ikasimama kabla sijaiambia.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Sema, binti."

"Mjomba haoni gizani. Ana ugonjwa ule ninaouandika."

"Muongo!" jirani akafoka. "Jana mchana kanionyesha mwewe angani, mimi mwenyewe nilikuwa sijamwona!"

"Mchana anaona. Muingizeni ghalani, mfunge mlango."

Ghala la kijiji halikuwa na dirisha. Wakaingia mjomba, jirani na mwenyekiti, mlango ukasukumwa, ukabaki upenyo mwembamba wa mwanga. Nje tulisikia sauti ya jirani: "Nipo mbele yako. Nipe mkono." Alipotoka alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ameshika gunia la mahindi," akasema taratibu. "Analitikisa, analiambia nisamehe ndugu yangu."

Kesi ikaishia hapo. Mjomba hakunishukuru. Kabla ya jua kuzama watoto walikuwa wameshaanza kumvuta kwa fimbo, wakidhani wanamsaidia.

"Umenitoa uhuni," akaniambia, "umenipa upofu kabla ya siku yake."

Nililia. Mama hakusema nami siku tatu.

Landrova ilipokuja nikampaka mjomba wino mbele ya Daktari, nikaungama. Hakunikaripia. Alinitia matone machoni, akachungulia muda mrefu, pumzi yake inanigusa shavu.

"Kuna mng'ao kama wa dhahabu huko nyuma," akasema. "Wewe huenda ukaona mpaka uzeeni. Lakini umebeba. Kila mtoto wa kiume utakayemzaa, nusu kwa nusu."

"Dawa?"

"Bado hatuna."

Siku zile kijiji kilinibana kama ghala lile. Kila nikipita, wamama wananyamaza.

Mchumba wangu alifika wiki iliyofuata. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Tukakaa ukumbini, nikamfungulia daftari, nikamweleza kila mraba na kila duara, bila kuruka. Alifuata mistari kwa kidole chenye makovu ya mkonge.

"Mimi sijakimbia," akasema mwishoni. "Ila mama yangu... sijui nitaanzia wapi."

Nikafunga daftari, nikalitia kwenye kikapu.

"Nitamweleza mimi, huko huko Mazinde. Basi la Korogwe linapita saa ngapi?"