Maji ya Povu

Mwalimu wa wauguzi aliweka karatasi yake ya maksi juu ya kitanda changu, karibu na mguu wangu ulio wazi, akaandika zero. Aliikaza kalamu mpaka nikaisikia kwenye godoro. Msichana aliyekuwa anapimwa hakulia. Aliniangalia mimi tu. Heri angenitukana.

Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nitasimulia namna ninavyojua.

Pikipiki ya taksi ilinichoma sokoni Kenya, mtaa wetu huku, si ile nchi, bomba la moshi likanishika nyuma ya mguu. Nusu ya watu wa Kenya wana alama ile, nani anahangaika? Kidonda changu hakikupona. Kilianza kama kifuniko cha chupa, kikafika ukubwa wa kiganja, nikalazwa. Kila asubuhi walikimwagia maji ya povu, yale wanayoita eau oxygénée. Povu likichemka, chumba kizima tunafurahi: "Angalia, inakula buchafu!" Halafu wanapasua vidonge, wananyunyiza unga wake, wanafunika kompresi kavu, kile kitambaa cha kidonda. Kesho yake wanaivuta, inatoka na nyama. Nilikuwa nang'ata kitenge. Daktari alishaanza kutaja kukata mguu.

Ndipo alipokuja msichana yule, mwanafunzi wa uuguzi aliyeletwa staji, kujifunza kazi kwetu wagonjwa, mwembamba, koti limemzidi.

"Mama, tangu banaanza kutia povu, kidonda kinapunguka?"

"Miye najua? Weye njo munganga! Tia povu, mutoto, usinichezee."

Mama wa kitanda cha pili akacheka: "Huyu anakuja kutuuliza siye! Kwabo habakumufundisha?"

Na yeye akacheka. "Banatufundisha, mama. Lakini nataka kuona kama ile banatufundisha iko kweli."

 Miaka yangu yote sijasikia mtu wa koti jeupe akisema hivyo.

Alitandika plastiki safi, inayoonyesha kilicho chini yake, juu ya kidonda, akachora ukingo wake kwa kalamu. Baada ya juma moja la povu akachora tena, juu ya plastiki ileile. Mstari wa pili ulitoka nje ya ule wa kwanza. Akaenda kwa daktari, palepale chumbani, na simu yake, akamwonyesha mahali wataalamu walipolinganisha wagonjwa wengi, wa povu na wasio wa povu, na povu halikuwaponya zaidi. Daktari alisoma akiwa amesimama, akasema: "Haya, fanya." Niliyasikia kwa masikio yangu.

Alirudi kwangu. "Wale bagonjwa si weye, mama. Weye unataka nini?"

Nilitaka kusimama tena mbele ya meza yangu ya samaki wakavu wa Pweto. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, na akaandika, kama vile neno langu nalo ni dawa.

Basi ikawa maji yaliyochemshwa na chumvi, yakapoa, na kompresi yenye unyevu. Kesho yake nilitia kitenge mdomoni, nikafumba macho, nikangoja. Nikangoja.

"Unaanza saa ngapi?" nikauliza.

"Nilimaliza kitambo, mama."

Juma baada ya juma alichora. Mstari wa tatu ukaingia ndani ya wa pili, wa nne ndani ya wa tatu, kama alama ambazo maji ya ziwa yanaacha mchangani Pweto yakirudi nyuma. Mguu wangu mwenyewe! Na mtoto wa watu ndiye aliyeuliza swali moja ambalo sisi wote, wakubwa kwa wadogo, hatukuliuliza.

Siku ya mtihani wake, karatasi ya maksi ilikuwa na mahali pa maji ya povu.

"Chupa iko wapi?" akauliza mwalimu.

"Sikuitumia, madame. Niko na sababu." Akatoa plastiki yake.

"Nilikuuliza sababu? Nilikuuliza chupa." Hata hakuitazama. Akanigeukia mimi: "Mama, maji ya povu yanakusaidia, si ndiyo?"

Daktari alikuwa mlangoni, mikono mfukoni. 

Na mimi, ambaye nikigombana sokoni nasikika mpaka barabarani, nikajibu: "Ndiyo, madame."

Kwetu koti jeupe linajibiwa ndiyo. Mama yangu alijibu hivyo, bibi yangu alijibu hivyo. Kinywa kilitangulia, akili ikabaki nyuma. Ndiyo yangu ilipotoka, kalamu ikashuka.

Leo nasimama mezani kwangu kutwa nzima, kwa miguu miwili. Msichana yule anarudia mwaka. Aliniachia plastiki ile, nimeitundika ukutani, mahali ambapo wengine wanatundika picha za harusi.

Mwenye kosa wa kwanza ni mimi, nimejitaja. Sasa zamu ya wengine. Wewe madame, njoo utazame mistari ile minne, halafu uniambie ile zero ilikuwa ya nani. Na wewe daktari, ulisema "fanya". Toa mikono mfukoni, uende shuleni kwao, uliseme tena neno lile mbele ya watu. Nitakuja na wewe. Mguu ninao.