Mkono wa Mulongo

Upande wa Shinyalu, mama akijifungua mapacha, hakuna anayesumbuka kutafuta majina. Aliyetangulia ni Mukhwana, aliyefuata ni Mulongo, na tangu siku hiyo hakuna kitu cha mmoja. Mama wa mapacha hawa wa kike alilishika jambo hilo kama imani. Mukhwana akipata malaria, Mulongo naye alimezeshwa vidonge vichungu, awe na homa au asiwe nayo. Mulongo akichapwa kwa kuvunja mtungi, Mukhwana aliguswa mgongoni kwa kiboko kilekile, polepole, ili mmoja asije akabeba maumivu peke yake. Wakakua hivyo, sura moja na sauti moja, hata majirani wakazoea kuita, "Nyinyi, njooni," na yeyote aliyetokea alitosha.

Kitu kimoja tu kilikataa kugawanyika: masomo. Baba yao alipofariki, karo ilibaki ya mtoto mmoja. Mukhwana ndiye aliyekuwa na alama za juu, kwa hiyo akaenda chuo kikuu mjini Kakamega kusomea ualimu. Mulongo akabaki kuchuma majani chai kwa watu na kulima kishamba cha nyumbani. Hakulalamika. Ila kila alipoulizwa habari za pacha wake, alijibu, "Mwaka huu tunamaliza." Watu walicheka. Yeye hakuwa akicheka.

Mwaka wenyewe ulikuwa 2022. Barakoa zilikuwa zimeanza kuteremka videvuni, watu wanasalimiana tena kwa mikono, ndipo chuo kilipotoa tangazo: asiyepata chanjo ya nyongeza ya korona hataingia chumba cha mtihani. Wanafunzi waliiita busta, na kwa wiki nzima hakukuwa na neno lingine midomoni.

Mukhwana alikuwa amepokea chanjo mbili za kwanza bila ubishi. Lakini siku chache baada ya ile ya pili, alipokuwa nyumbani akimsaidia Mulongo kuchuma, moyo ulianza kumwenda mbio kama ngoma ya isukuti inayopigwa na mlevi. Akaanguka katikati ya michai. Mhudumu wa zahanati alimpima, akakuna kichwa. "Huenda ni chanjo, huenda siyo," alimwambia. "Lakini usidungwe tena kabla ya kuonana na daktari wa moyo."

Daktari wa moyo alikuwa Eldoret, na nafasi aliyopewa ilikuwa baada ya mitihani. Ofisi ya chuo ilimtuma kwenye kliniki ya chuo. Kliniki ikamwambia haiwezi kumsamehe mtu bila barua ya daktari wa moyo. Alirudi ofisini kueleza, akaambiwa aende kliniki.

Hakuwa peke yake kuikataa amri hiyo. Wanafunzi kadhaa walikuwa wakikutana kwenye ngazi za maktaba, kila mmoja na lake. Wapo waliokataa kwa sababu ya dini, wapo waliookota uvumi kwenye simu, uvumi ambao Mukhwana aliuona wa kipuuzi na akawaambia hivyo. Masinde, kijana wa uhandisi mwenye mdomo mpana, alikataa kwa kuwa hapendi kuamrishwa.

"Hata wakisema tukunywe chai, mimi nitakataa," alijigamba.

"Wewe chai ya bure hujawahi kuikataa," Mukhwana akamwambia, nao wakaangua kicheko.

Wakamchagua yeye awasemee mbele ya mkuu wa wanafunzi. Walisema maneno yake yana uzito. "Mimi sipingi chanjo," alikuwa akiwaambia. "Ningekuwa napinga, hizi mbili ziliingiaje? Ninapinga kufungiwa mlango kabla sijaulizwa nina nini." Sentensi hiyo aliirudia akifua, aliirudia akisubiri maji bombani, mpaka ikamkaa.

Ijumaa kabla ya kikao, Mulongo alikuja mjini amebeba mboga za kumpa. Akamsikiliza pacha wake akisimulia yote, huku akichambua kunde.

"Na wakikataa?" Mulongo akauliza.

"Basi sitafanya mtihani."

"Hatutafanya," Mulongo akasema, kama anayemsahihisha mtoto. Kisha akaomba kitambulisho. "Nataka kumsajilia mama laini ya simu. Changu kimefutika sura, wananisumbuanga. Si tunafanana?"

Mukhwana akampa bila kufikiri. Angefikiri nini? Maisha yao yote walikuwa wakivaliana viatu. Jioni Mulongo alikirudisha, akaaga haraka, akapanda bodaboda ameukunja mkono mmoja kifuani.

Siku ya kikao, Daktari Kipngeno, mkuu wa wanafunzi, aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Aliwaketisha na kuwasikiliza wote bila kumkata yeyote. Mukhwana alisema yake yote: michai, zahanati, Eldoret, na ile sentensi yake. Aliona Daktari akitikisa kichwa kwa huruma, akaona na Masinde amekaa wima kwa fahari.

"Nimekuelewa, Mukhwana," Daktari Kipngeno akasema. "Agizo hili silo langu, mimi pia nimelipokea tu. Lakini jambo la mgonjwa kama wewe ningeweza kulipeleka juu. Ngoja nione taarifa zako." Akageukia kompyuta. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lakini wewe mbona umeshachanjwa? Busta umepata Ijumaa, hapahapa kliniki yetu."

Mukhwana alifungua kinywa kusema kuna makosa. Ndipo alipouona akilini ule mkono uliokunjwa kifuani juu ya bodaboda.



Angesema nini? Aseme si yeye, ataulizwa ni nani. Amtaje Mulongo, basi amemshtaki pacha wake kwa kujifanya mtu mwingine, na yeye mwenyewe kwa kumpa kitambulisho. Akinyamaza, ameapa kwa kimya kwamba ni mwongo. Alitafuta njia ya tatu mezani pa Daktari, kati ya kikombe na mafaili, hakuiona.

"Kwa hiyo moyo ulipona?" Daktari akauliza, bila kejeli, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Ndiyo, Daktari," akasema.

Nje, kwenye ngazi, Masinde alimpigia makofi ya polepole. "Msee, umetucheza! Sisi tunashika mabango, madam ameshajipanga kitambo. Utatuwakilisha hata mbinguni?"

"Masinde, si hivyo."

"Ni vipi sasa? Tuambie."

Wote wakamtazama, tena kwa matumaini, maana walitaka awe na jibu. Mukhwana akaanza kuteremka ngazi. Wakatawanyika mmoja mmoja.

Alasiri hiyohiyo alikwenda Shinyalu. Alimkuta Mulongo jikoni akisonga obusuma, ugali wa kwao, kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevimba begani. Mama yao alikuwa ameketi mlangoni akichagua maharage.

"Ulifanya nini?" Mukhwana akauliza.

Mulongo hakujisingizia kutoelewa. "Yangu ya nyongeza nilishapata hapa zahanati, haikunifanya kitu. Nikasema, mwili huu unaiweza, ule hauiwezi. Si wanataka sindano? Wamedunga. Umebaki na moyo wako, na mtihani uko."

"Mulongo, sikutaka mlango wa nyuma! Nilitaka waniulize! Nilikuwa nawasemea wenzangu, sasa mimi ni mwongo kwa kila mtu, na siwezi kusema kwamba si mimi!"

"Basi usiseme."

"Na wale wengine?"

Mulongo aliuacha mwiko. "Wale wengine sikuzaliwa nao."

Mama akaingilia kati palepale alipoketi. "Alipokunywa dawa yako ukiwa mdogo, ulimshukuru. Leo unampigia kelele kwa nini?"

Mukhwana akamgeukia. Alitaka kumweleza kwamba dawa ya nyumbani si kama amri ya chuo, kwamba kuna kitu ambacho hata pacha hawezi kukubebea, nacho ni neno lako mwenyewe. Lakini alipoutazama uso wa mama, kisha ule wa Mulongo ambao ulikuwa wake mwenyewe uliochomwa na jua, alinyoosha mkono. Aliuchukua mwiko akaendelea kusonga. Mulongo alikwenda kuketi, akapumzisha mkono.

Asubuhi ya mtihani wa kwanza, kundi la wale wengine lilikuwa nje ya lango. Lilikuwa limepungua. Wengi walikuwa wamekwenda kudungwa, wakitoka kliniki wameinamisha vichwa. Waliobaki walihesabika kwa mtazamo mmoja. Masinde alikuwapo, amekaa juu ya jiwe, safari hii hana utani. Mukhwana alisimama mbele yao.

"Masinde," akaanza.

"Pita, dada," Masinde akasema bila kuinua macho. "Wewe uko sawa."

Andati, askari wa lango, alilitafuta jina la Mukhwana kwenye orodha, akalipata, akamsalimu. "Mulembe, mwalimu! Wewe huna shida. Ingia, ingia, unachelewa."

Angeweza kugeuka. Angeweza kuketi pale kwenye nyasi, akaacha mtihani upite, na angalau Masinde angejua. Lakini angekuwa ameketi na karo ya miaka yote, na michai yote ile iliyochumwa na mikono isiyowahi kushika kalamu ya chuo, na sindano iliyodungwa bure. Miguu ilimpeleka ndani yenyewe. Nyuma yake alisikia Andati akimwambia mtu, kwa upole, "Wewe hapana, kijana wangu. Utanisamehe."

Alijibu maswali yote. Somo lilikuwa Maadili ya Ualimu.

Mulongo alikuwa akimsubiri nje ya chuo, amevaa gauni lake la kanisani, nduma za kuchemsha zikiwa kwenye mfuko. Alimwinulia mkono akimpungia, ule wa kulia, ambao sasa ulikuwa ukiinuka bila shida.

"Tumefanyaje?" akauliza.

Mukhwana alitazama langoni. Jiwe lilikuwa tupu. Akapokea nduma, akaimenya ganda polepole, akamkatia pacha wake nusu.

"Tumeandika," akasema.

Wakala wamesimama kando ya barabara. Watu waliokuwa wakipita waligeuka kuwatazama, wakitafuta tofauti.