Wimbo wa Bia Usio na Bia

Harufu ya kinywaji cha shayiri, ile tamu yenye uchungu kidogo kwa nyuma, hunirudisha mara moja kwenye ua wa jumba moja la Al-Rawdah, Jeddah. Baba alikuwa dereva wa familia ile, mama akiwatunzia nyumba, na sote watatu tulikaa katika chumba cha karibu na lango. Bosi alipokwenda kwa mama yake Makka, alituruhusu kuwaalika Wakenya wenzetu, madereva na walinzi, na Ijumaa hizo ua uligeuka jukwaa. Kulikuwa na vichekesho, ngoma za ndoo na maigizo ya mabosi. Lakini wote walingojea wimbo wa baba. Katika nchi isiyoruhusu hata tone la pombe, baba aliimba juu ya bia. Aliposimama tu kwenye zulia kuukuu, chupa mkononi, wanaume wale wenye kiu ya miaka walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Mimi niliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, maana nilijiona mwimbaji kamili.

*Ewe povu la nyumbani, huku nakuota tu,*
*Niamkapo mezani, kikombe cha chai tu!*

Ndani ya chupa hamkuwa na lolote la kutisha. Kilikuwa kinywaji cha shayiri kisicho na kilevi, kinachouzwa kila duka la mtaani. Ila baba alipenda mambo yafanane na kweli, na kuamkia Ijumaa moja aliiloweka chupa usiku kucha akaibandua karatasi yake, ibaki kahawia tupu kama bia ya kwao Nakuru. Mama alimwambia anajitafutia balaa. Baba akacheka. Alikuwa katikati ya ubeti wa pili, anayumba kama mlevi, lango lilipofunguliwa na bosi akaingia mapema kuliko tulivyotarajia.

Bosi akaitazama chupa ile uchi, akamtazama baba, akauliza ni nini. "Mafi pombe, baba! Mafi kabisa!" baba alisema, yaani hakuna, akimwita bosi "baba" kama wafanyakazi wote. Bosi akainusa, lakini mtu ambaye hajawahi kunusa bia angejuaje tofauti? Nilijua neno moja lake lingetosha kuifuta ikama ya baba, kibali chake cha kuishi nchini, na kuturudisha nyumbani mikono mitupu. Mama hakungoja. Aliingia jikoni akatoka na chupa nzima yenye karatasi yake, akaifungua mbele ya bosi, akammiminia. "Onja hii, baba, kisha onja ile." Bosi akaonja zote mbili, taratibu. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa Kiarabu changu cha kucheza na wanawe kilikuwa kizuri kuliko cha wazazi wangu, akauliza wimbo unasema nini. Nikamjibu kwamba baba amekumbuka kwao. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi.

"Halas, basi," akasema. "Aimbe."

Baba akaimba, miguu ikimtetemeka kwelikweli sasa, na bosi akapiga makofi nje ya mdundo hadi mwisho.

Leo naoka keki katika mkahawa wa Al-Sulimaniyah, Riyadh, mji ambao siku hizi una majukwaa yenye taa mengi kuliko niwezavyo kutembelea. Baba amestaafu Nakuru, baa kulia na baa kushoto mwa lango lake. Aliuimba wimbo wake kwenye harusi ya binamu yangu, na wageni wenye glasi zilizojaa wakamsikiliza kwa adabu, bila kucheka. Kijana mmoja mwema akamletea bia baridi, akidhani mzee anaomba. Baba aliishika hadi ubeti wa mwisho, akairudisha bila kuifungua. Sasa hunipigia simu kila Ijumaa aniimbie, nami huanza kucheka kabla hajafungua mdomo.